Mama Metre anajibu: Kopa bati, usikope nyumba

Agosti imefika. Matanuri ya matofali yanafuka moshi pembezoni mwa Lubumbashi, na kila mwenye parseli (kiwanja) anapiga hesabu kabla mvua haijarudi. Barua zimezidi nafasi ya ukurasa. Hii ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana wengi mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti.

Mama Metre, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mke wangu anauza unga na makala (makaa) katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Tumepanga Katuba na watoto wanne. Tumenunua parseli ya mita 20 kwa 30 upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, na tuna karatasi ya mauzo yenye sahihi ya mkubwa wa kartie (mtaa). Kwa mwezi tunaweza kuweka dola 90, bila kukosa. Kuna kopa (koperative) ya akiba na mikopo inayokubali kunipa dola 3,000 za kulipa kwa miezi 24, riba ya 2 kwa mia kwa mwezi. Mke wangu anasema tujenge polepole. Mimi nimechoka na mwenye nyumba, nataka tuhame. Nani ana haki? — *Mwalimu, Katuba*

Mke wako ana haki, Mwalimu, na hesabu itakuonyesha kabla hatujafika kwenye matofali.

Rudi kwanza kwenye hiyo kopa, uulize swali moja: hiyo 2 kwa mia inahesabiwa juu ya nini? Kama ni juu ya deni linalobaki kila mwezi, utalipa karibu dola 159 kwa mwezi, na mwisho wa miaka miwili utakuwa umetoa kama 3,807. Kama ni juu ya 3,000 ile ile tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata ukiwa umesharudisha nusu, utalipa 185 kwa mwezi, na jumla inafika 4,440. Ni tofauti ya dola zaidi ya 630, na watu wanatia sahihi bila kuuliza kwa sababu kwenye karatasi riba inaonekana moja. Mimi nilifanya kazi ya kupima na kuhesabu vifaa kwenye machantie (mahali pa ujenzi) kwa miaka mingi, na nimeona madirisha ya nyumba nzima yakiliwa na tofauti ndogo kuliko hiyo.

Lakini wewe huna 159 wala 185. Una 90. Hapo mkopo huo umekwisha kujijibu.

Sasa jambo linalonitisha zaidi kuliko riba: hiyo karatasi ya mauzo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Dola, yaani serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya kuandikishwa, ile watu wanaita sertifika, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Sahihi ya mkubwa wa kartie inaonyesha kwamba mmeuziana. Haionyeshi kwamba aliyekuuzia alikuwa na kitu cha kuuza. Upande wa Annexe parseli moja kuuzwa kwa watu wawili si habari mpya, mmoja akiwa amenunua kwa chifu na mwingine kwa mtu wa mjini. Sertifika ikishatolewa na kumaliza miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana mtu kukung'oa. Na benki nayo haitaki kusikia habari ya mkopo mrefu wa nyumba bila karatasi hiyo, kwa sababu hipoteka (rehani ya nyumba) inaandikwa juu yake.

Kwa hiyo akiba yenu ya kwanza haiendi kwenye saruji. Inakwenda kadastri, ofisi ya kupima ardhi: kupima, kusimamisha nguzo za mpaka, kufungua faili, kupata kontra (mkataba) ya kwanza ya kukodi udongo kwa Dola. Kontra hiyo ni ya muda, na inakudai uendeleze parseli. Ukijenga ndipo unapoendelea hadi sertifika. Najua ni kazi ya kuchosha na kila dirisha lina mkono wake. Fanyeni hivyo hivyo. Na kabla ya yote, nenda ofisini ukaulize kama namba ya parseli hiyo tayari ina jina la mtu.

Tuseme karatasi ziko njiani. Chora nyumba nzima sasa, vyumba vyote vitatu na sebule, hata kama utamaliza mtoto wa mwisho akiwa sekondari. Chimba msingi wa nyumba yote kama mfuko unaruhusu, lakini simamisha kuta za vyumba viwili tu. Hapa mafundi wengi wanaharibu. Wanakujengea vyumba viwili kama kiboksi kilichokamilika, na siku ya kuongeza unavunja paa. Mwambie fundi wako hivi: mgongo wa paa ufuate urefu wa nyumba nzima, na vyumba vya kwanza viwe kwenye ncha moja ya mgongo huo. Ukuta wa pembetatu unaofunga paa leo kesho utakuwa ukuta wa ndani kati ya chumba na sebule. Unaongeza miti na mabati mbele kwa mstari ule ule, huvunji kitu. Kwenye kona za kuendelea acha vyuma vya kungojea vikitokeza, uvipake uji wa saruji visiliwe na kutu. Chuma kilichokaa mvua tatu kikiwa uchi hakishiki betoni vizuri tena.

Mpangilio wa manunuzi nao una akili yake. Matofali nunua sasa, wapigaji wanapofanya kazi. Mvua ikianza, udongo haukauki na bei inapanda. Matofali, kokoto na mchanga vinaweza kukaa kwenye parseli, mradi kuna mtu wa kulala pale. Saruji usiweke akiba hata kidogo. Inavuta unyevu ndani ya mfuko na miezi michache tu inatosha kuifanya jiwe. Inunue wiki ya kazi.

Na sheria ambayo mimi sina huruma nayo: ukuta usio na bati usivuke mwanzo wa Novemba. Hapa kwetu matofali ya kuchoma mara nyingi yanaunganishwa kwa udongo wa kichuguu, saruji inapakwa kwenye viungo vya nje tu. Ukuta wa namna hiyo ukiwa chini ya paa unaishi kuliko aliyeujenga. Ukiachwa wazi mvua inaingia kwa juu na kuosha udongo wote katikati. Kama hamwezi kuezeka mwaka huu, msisimamishe ukuta mwaka huu. Pangeni matofali vizuri, myafunike, mngojee Mei.

Hapo sasa ndipo mkopo unapopata kazi yake, Mwalimu. Matofali unanunua mia leo, mia mwezi ujao. Paa halinunuliwi hivyo. Miti, misumari na mabati vinatakiwa siku moja, na mabati yawe ya unene mmoja na mkunjo mmoja, la sivyo hayalaliani na maji yanapita. Basi kuta zikifika juu, kopa paa peke yake. Tuseme dola 400 kwa miezi 5, kwa riba ile ile ya 2 kwa mia juu ya deni linalobaki: utalipa kama dola 85 kwa mwezi, jumla karibu 424. Hiyo inaingia ndani ya 90 yenu. Au muulize mke wako kama likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ya wanawake wa soko lake inaweza kumpa zamu ya Septemba. Likelemba haina riba. Wasiwasi wake ni mtu anayekula zamu yake mapema na kutoroka, na wanawake wa soko wanajuana kuliko kopa inavyowajua.

Kuhusu kisima na choo, hukuuliza, nakuambia. Kipimo cha kawaida ni mita 30 kati yao. Parseli yako ina mita 36 kutoka kona hadi kona iliyo mkabala. Kwa hiyo kisima kona moja, choo kona ya pili, hakuna njia nyingine. Kisha chungulia juu ya ukuta uone jirani ameweka choo chake wapi.

Mama, nisalimie. Ninasoma usanifu hapa mjini. Nchini Kenya serikali inajenga maghorofa ya bei nafuu kwa tozo ya nyumba. Kwa nini sisi tunaachia kila mtu ajenge kibanda chake? Je, si afadhali Dola ijenge maelfu ya nyumba kwa mara moja? — *Mwanafunzi, Kampemba*

Mwanangu, imeshajaribiwa, hapa hapa, na wewe huenda unapanda basi mbele yake kila asubuhi.

Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa ukoloni, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kujenga kambi za wafanyakazi na familia zao, kwa sababu ilichoka kupoteza watu waliorudi kijijini. Nyumba zilikuwa imara. Lakini nyumba ilifuata kazi: kazi ikiisha, nyumba inayumba. Wazee wa kambi wanaweza kukusimulia hofu hiyo vizuri kuliko mimi. Kisha mwaka 1952 wakoloni waliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCA, ambayo mpaka uhuru ilikuwa imejenga karibu nyumba 40,000 katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo). Ruashi ni kazi yao, Bagira kule Bukavu ni kazi yao. Mwaka 1955 ukaja Mfuko wa Mfalme wa Ubelgiji wa kupunguza mzigo wa mikopo. Nenda Ruashi na daftari lako, uangalie zile avenyu na nyumba zilizounganishwa, na jinsi watu walivyoongeza vyumba nyuma. Kuna mengi ya kujifunza pale. Ila ile mipango ililenga mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Mama wa makala hakuwa kwenye orodha.

Nchi ya Kenya, tangu sheria ya mwaka 2024, inakata asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Kukata mshahara ni rahisi pale mshahara unapoonekana kwenye karatasi. Hesabu katika avenyu yako ni nyumba ngapi zina mtu mwenye karatasi ya mshahara, kisha uniambie tozo hiyo ingekusanya nini Lubumbashi na nani angebeba mzigo wa wengine. Halafu ghorofa lina mambo yake. Umeme ukikatika pampu inasimama, na anayeishi juu anabeba bidoni (madumu ya maji) ngazi baada ya ngazi. Mimi sina chuki na ghorofa. Nachukia ghorofa lililochorwa kana kwamba umeme haukatiki.

Kuna njia nyingine ya zamani ambayo wasanifu hawaipigi picha. Katika mji huu huu, kabla ya uhuru, kulikuwa na mpango ulioitwa kwa jina la Grévisse, mtawala wa mji wa Waafrika wa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Mtu alipewa parseli iliyopimwa, kisha akakopeshwa vifaa, na yeye akajenga au akatafuta fundi wake. Katuba ilikua kwa mtindo huo. Simsifu mtawala wa kikoloni, alikuwa na sababu zake na mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi ya ngozi. Nasifu hesabu: fedha kidogo za umma zilikwenda pale mtu binafsi asipoweza, yaani kupima, barabara, maji na vifaa vya siku moja. Sehemu nyingine mtu aliimaliza mwenyewe.

Vuka mpaka uende Lusaka. Mwaka 1974 Benki ya Dunia iliikopesha Zambia kwa mradi wa namna hiyo hiyo. Badala ya kubomoa George, Chawama na Chaisa, walipitisha barabara na mabomba, wakatoa parseli mpya kwa waliohamishwa, na mikopo ya vifaa vya kujengea. Mitaa hiyo ipo mpaka leo. Na kule Chile, mji wa Iquique, mwaka 2004 kundi la msanifu Alejandro Aravena lilikuwa na ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, ya kununua udongo, kuweka mabomba na kujenga. Haikutosha nyumba nzima. Wakajenga nusu: kuta ngumu, jiko, bafu, ngazi na paa, kama mita 36 za mraba, na pembeni wakaacha nafasi tupu ya kufika karibu 70. Familia zikajaza zenyewe. Mwaka 2016 Aravena alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani. Sisi huku tunajenga nusu nyumba kila siku, ila ile nusu inayohitaji akili zaidi, msingi, maji na paa, ndiyo tunamwachia mtu peke yake.

Kwa hiyo ukimaliza masomo usinichoree jumba. Nichoree parseli za Annexe zenye mfereji wa maji ya mvua. Mimi nitakupimia bure.

Mama Metre, nimepata nyumba mtaa wa Kenya hapa mjini, vyumba viwili. Mwenye nyumba anataka garanti (dhamana) ya kodi ya miezi sita, na komisioneri (dalali) anataka mwezi mmoja wake. Je, ni halali? — *Dada wa saluni*

Garanti hiyo si halali. Sheria ya kukodisha ya tarehe 31 Desemba 2015, namba 15/025, inasema kwa nyumba ya kuishi garanti haizidi kodi ya miezi mitatu. Miezi sita ni kwa mahali pa biashara, kwa hiyo angalia asije akakuandikia kontra ya duka kwa sababu una saluni.

Najua utaniuliza: nikimwonyesha sheria si atampa mwingine? Huenda. Basi usianze na sheria. Mwambie utalipa mitatu leo, na kodi yako italetwa kila tarehe moja, na umpe jina la mwenye nyumba wa zamani anayeweza kukushuhudia. Akikataa kabisa na wewe unaitaka nyumba, kila dola iandikwe kwenye kontra, na ieleweke kwamba ni garanti wala si "kitu cha kushukuru". Pigeni picha za kuta, vioo na kufuli siku ya kuingia, wote wawili mkiwepo. Garanti nyingi haziliwi siku ya kuingia. Zinaliwa siku ya kutoka, kwa kisingizio cha rangi. Komisioneri mlipe baada ya kushika ufunguo, kamwe kabla.

Jambo Mama. Nyumba yetu Oktoba ni tanuri, Juni ni friji. Tunataka kujenga mpya. Fundi ametuchorea nyumba ndefu ya kupendeza yenye kona nyingi. Tuanzie wapi? — *Familia, Ruashi*

Anzieni kwa kufuta kona. Nyumba ya mita 7 kwa 8 ina mita za mraba 56, na ukuta wa nje unazunguka mita 30. Nyumba ya 4 kwa 14 ina mita 56 zile zile, lakini ukuta wake ni mita 36. Kwa urefu wa mita 3 hiyo ni mita 18 za mraba za ukuta zaidi, pamoja na msingi wake, plasta yake na rangi yake, na hamkupata hata nafasi ya kiti kimoja. Kila kona mnayoongeza ni hivyo hivyo, na juu yake paa linataka mfereji wa bati pale panapokutana, na pale ndipo panapovuja.

Joto na baridi: geuzeni nyumba. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kama digrii 11 na nusu na kidogo. Mwezi wa Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, chini kidogo. Mwezi wa Oktoba linapita karibu juu ya kichwa. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha yaangalie kaskazini na kusini, na paa litokeze nje upande wa kaskazini kiasi cha kuzuia jua la juu la Oktoba bila kuzuia lile la chini la Juni. Sentimita 60 hivi zinasaidia, 80 ni bora kama mna miti. Upande wa magharibi usiwekwe dirisha la chumba cha kulala hata kwa dawa. Jua la saa kumi linaingia moja kwa moja na ukuta unalitunza mpaka mlale. Weka huko stoo, bafu au mti wa mwembe.

Bati tupu ndilo linalowapika. Dari, hata ya mikeka iliyofumwa vizuri, na matundu juu ya ukuta pande mbili ili hewa moto ipite. Rangi nyeupe juu ya bati ni nafuu kuliko feni.

Kama jirani wa Penga-Penga anawapa udongo wa kufukia sakafu bure, msiuchukue. Ule ni udongo uliokaa miaka mingi chini ya moshi wa kiwanda cha shaba, na watoto wanatambaa sakafuni.

Mama, parseli yangu ina kichuguu kikubwa. Mpiga matofali anasema atakiondoa bure na atanipa sehemu ya matofali. Nikubali? — *Kijana, njia ya Kipushi*

Kubali, lakini mkubaliane kwa idadi ya matofali yaliyoiva, siyo kwa "sehemu", na mhesabu tanuri likishafunguliwa. Udongo wa kichuguu ni mzuri, ndiyo maana anautaka. Atakata kuni za kuchoma, uliza zinatoka wapi. Msitu wa kuuzunguka mji huu umeshalipa sana. Kuna wanaofyatua matofali ya udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono, kama ile ya CINVA iliyobuniwa Bogotá miaka ya 1950. Hayachomwi, yanamwagiliwa maji na kufunikwa kwa wiki kadhaa mpaka yashike. Kama kuna mwenye mashine karibu, linganisha bei kabla ya kuwasha moto.

Shimo litakalobaki usijenge juu yake. Fundi atakuambia amelifukia na kukanyaga vizuri. Mchwa wameacha njia zao chini kuliko mnavyofikiri, na udongo wa kufukia unashuka mvua ya kwanza. Weka nyumba upande mwingine, pale kichuguu panda mboga. Na miti ya paa ipake mafuta machafu ya injini kabla ya kupanda juu, hasa vichwa vinavyolala ndani ya ukuta, kwa sababu mchwa uliowafukuza hawakwenda mbali.